Uso Uliopinda Haukupindwa na Mtu

Najua wengi mlitarajia shairi kutoka kwangu mwaka huu. Shairi litangoja. Nina neno linalonikereketa moyoni, nalo ni hili: hapa kwetu mpakani, mtu akipooza uso, kila mtu huwa na maelezo lakini hakuna mwenye haraka. Tunamtafuta aliyemroga kabla ya kumtafuta daktari. Tabia hii inawaharibia watu nyuso na macho, nami nasema ikome.

Siandiki mambo ya kuhadithiwa. Mwaka jana, muhula wa pili, niliamka Jumapili asubuhi nikakuta upande wa kushoto wa uso wangu umelala fofofo, mimi nikiwa macho. Chai niliyopewa na mama ilitoka mdomoni ikatiririka kwenye shati. Jicho la kushoto lilikataa kufumba. Nyuma ya sikio kulikuwa na maumivu niliyoyahisi tangu usiku, na ulimi upande mmoja haukujua tena ladha ya sukari. Mlio wa kikombe kikiwekwa mezani uliingia sikioni kama bati linapopigwa nyundo. Hata hivyo mikono ilikuwa na nguvu, miguu ilitembea, na akili ilikuwa timamu kabisa.

Maradhi haya yana jina. Wataalamu huyaita kupooza kwa Bell, kutokana na Charles Bell, daktari mpasuaji wa Uskoti aliyeeleza kazi ya neva za uso mwaka wa 1821. Kila mmoja wetu ana neva mbili za uso, moja kwa kila upande. Kutoka kwenye ubongo, neva hiyo hupitia katika mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio kabla ya kutawanyika usoni. Inapovimba ndani ya mfereji huo, haina nafasi ya kutanuka, kwa hivyo hujibana yenyewe. Wataalamu wengi wanadhani kwamba uvimbe huletwa na virusi vya aina ile inayoleta vidonda vya mdomoni, ambavyo hulala mwilini kwa miaka kisha vikaamka.

Sisi watu wa Malaba na Busia hatuhitaji mchoro ili tuelewe jambo hili. Kumbukeni mwaka wa 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa korona mpakani. Matrela yalisimama kilomita na kilomita. Mizigo ilikuwepo, madereva walikuwepo, na huko ilikokuwa inaenda ilikuwa ikisubiriwa, ila njia ndiyo ilizibana. Basi ndivyo ulivyokuwa uso wangu. Ubongo ulituma amri, "Cheka! Fumba jicho! Kunja paji!" lakini amri zote zilikwama njiani. Misuli haikuwa imekufa, wala hakuna mtu aliyeipinda.

Sasa sikilizeni maelezo niliyopewa siku ile moja. Jirani wa kwanza alisema, "Huyu amepigwa kofi na jini." Wa pili akasema ni upepo wa alfajiri, kwa sababu huja shuleni kwa baiskeli kabla jua halijachomoza. Wa tatu alimvuta mama kando akamwambia ati kuna mzee ng'ambo, upande wa Uganda, hodari wa kuzinyoosha nyuso, na kwamba pikipiki ingetufikisha kwake kabla ya adhuhuri. Wa nne alisema ni kiharusi, nitakufa. Wa tano hakusema neno, alinitazama tu, kisha nikamsikia nje akinong'ona kuhusu Ukimwi. Jumatatu tukaenda kwenye duka moja la dawa mjini, nikapewa dawa za malaria bila ya kupimwa. Jamani! Malaria ya mdomo?

Aliyetuokoa ni shangazi yangu, mhudumu wa afya wa kijiji. Alifika Jumanne asubuhi, akaniambia, "Hebu inua nyusi." Nyusi ya kulia ilipanda, ya kushoto ikakaa pale pale. Akamwambia mama, "Hii si ya kungoja. Tuondokeni." Hospitali tuliyokwenda ilikuwa ya serikali. Daktari alinikagua masikio, akanipima nguvu za mikono na miguu, akapima sukari na damu, halafu akaniandikia vidonge vya prednisoloni. Alipouliza yalianza lini, mama akajibu Jumapili asubuhi. Daktari akahesabu kwa vidole, akasema tumewahi.

Kuwahi huko ndiko kiini cha makala yangu. Dawa ile huondoa uvimbe, na inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu uso upooze. Huko Uskoti, wataalamu waliwafuata wagonjwa wapatao 500 walioanza matibabu ndani ya saa hizo, na mwaka wa 2007 wakachapisha matokeo. Baada ya miezi 9, miongoni mwa waliomeza prednisoloni asilimia 94 walikuwa wamepona kabisa. Miongoni mwa wale ambao hawakuimeza, waliopona walikuwa asilimia 82. Tofauti hiyo ni mtu mmoja katika kila wanane hivi. Darasani kwetu tuko hamsini. Hebu fikiria sita kati yetu wakibaki na nyuso zilizopinda kwa sababu tu ya kuzunguka kwa majirani siku tatu.

Natanguliza jibu kwa wale watakaonipinga. Wako watakaosema, "Wewe mtoto, mbona fulani alikwenda kwa mganga na akapona?" Swali hilo ni zuri na halijibiwi kwa matusi. Ukweli ni kwamba wengi hupona wenyewe. Daktari mmoja wa Denmark aliwafuata wagonjwa zaidi ya 1,700 wa maradhi haya ambao hawakupewa dawa yoyote, na asilimia 71 walirudi kuwa kama walivyokuwa. Yaani watu 7 katika kila 10 wangepona hata wangekaa nyumbani wakila mihogo. Basi mganga akiwachanja watu 10, akawapaka majivu na kula kuku 10, 7 watapona na kumsifu kijiji kizima. Wale 3 hatuwasikii. Wao huambiwa kwamba adui yao ana nguvu sana, waongeze mbuzi. Mganga amepanda juu ya gari lililokuwa linakwenda lenyewe, kisha anadai nauli!

Isitoshe, tatizo si wale wanaopona. Tatizo ni yule ambaye uso wake umepinda kwa sababu nyingine. Kiharusi cha kweli hupinda uso pia. Tofauti yake ni kwamba mara nyingi mwenye kiharusi bado anaweza kukunja paji la uso pande zote mbili, kwa sababu paji hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, na pia mkono au mguu hulegea, au maneno huvurugika. Hapo hata saa moja ni ghali. Ugonjwa wa sikio unaotoa usaha unaweza kupooza uso. Kisukari humweka mtu katika hatari zaidi, na mama mjamzito katika miezi ya mwisho vivyo hivyo. Virusi vya Ukimwi navyo vinaweza kuleta jambo hili, na ndiyo maana daktari huenda akaomba kupima damu. Kupimwa si kuhukumiwa. Jibu lolote litakaloletwa na kipimo lina dawa yake, lakini mnong'ono wa jirani hauna dawa. Yote haya hayatambuliwi na jirani, wala na mganga, wala na muuza dawa dukani. Hata mimi niliyeugua siwezi kuyatambua. Kwa hivyo msije mkanunua prednisoloni wenyewe ati kwa kuwa mmesoma jarida la shule. Mwenye kisukari akiimeza ovyo, sukari itampanda.

Kuna na jicho. Jicho lisilofumba hukauka, vumbi huingia, na kioo chake hupata kidonda. Mtu anaweza kupona uso akabaki na jicho bovu. Namjua mama mmoja muuza omena ambaye alizungushwa kwa waganga wawili kwa muda wa miezi miwili, na hakuna hata mmoja aliyemwambia alikinge jicho. Uso wake ulinyooka. Jicho hilo sasa linaona ukungu. Mimi nilipewa matone ya kutia mchana, mafuta maalumu ya kupaka jichoni usiku, na plasta ya kulifunga jicho nilale. Hayo ndiyo yaliyoliokoa, na hayakuhitaji mbuzi.

Enyi wenzangu, eneo letu hili lilipaswa kuwa mwalimu wa wengine katika jambo hili. Ukitoka Busia kwenda Malaba utapita Alupe. Leo vijana wanapajua kwa sababu ya Chuo Kikuu, lakini wazee wanapakumbuka kwa hospitali na kituo cha utafiti wa ukoma. Ukoma nao hushambulia neva, zikiwemo za uso, ukaacha jicho wazi na mdomo umelegea. Kwa miaka mingi wenye ukoma walikimbiwa, wakadhaniwa wamelaaniwa, ilhali ni ugonjwa wa vijidudu. Leo una tiba kamili, na tangu 1995 dawa zake zimekuwa zikitolewa bure ulimwenguni kupitia Shirika la Afya Duniani. Ikiwa watu walikosea kuhusu laana ya Alupe, mbona sisi tunalirudia kosa hilo hilo kwa jina la jini?

Sasa naja shuleni, na hapa naomba nisikizwe bila hasira. Hospitali ilinipa dawa ya neva, lakini miezi iliyofuata niliishi nanyi. Mtu mwenye maradhi haya, akipepesa macho, jicho moja tu ndilo hufumba. Matokeo yake nini? Huonekana anakonyeza! Wasichana wa darasa jirani walilalamika kwamba ninawafinyia jicho. Mwalimu mmoja wa zamu alinitoa mstarini kwenye paredi akaniuliza kama nimekosa adabu kiasi cha kumkonyeza mtu mzima. Hilo sasa tunaweza kulicheka wote, hata mimi. Lakini jina la "Kona Mbaya" nililopewa sikulicheka. Wala sikucheka walipokuwa wakinizunguka wakati wa mapumziko, wakiniambia, "Hebu tabasamu tuone." Tabasamu yangu ilikuwa nusu, nami nilikuwa ninaificha kwa daftari.

Lililoniuma zaidi linahusu Chama chetu cha Kiswahili. Mnakumbuka somo la sauti katika kidato cha kwanza: /p/, /b/ na /m/ hutamkwa kwa midomo yote miwili, nazo /f/ na /v/ kwa mdomo wa chini na meno ya juu. Wakati ule tulikariri ili tupite mtihani. Mimi nililielewa somo hilo vizuri siku midomo yangu ilipokataa kukutana. Nikisema "baba", hewa ilipenyea pembeni. Nikisema "mpaka", lilitoka neno ambalo halimo katika kamusi yoyote. Nilikuwa nimechaguliwa kukariri shairi katika tamasha la muziki, ikabidi nafasi apewe mwingine. Huyo aliyepewa alifanya vizuri na simwonei kijicho. Lakini sikuulizwa. Niliondolewa kama jina linalofutwa ubaoni, kana kwamba aliyepooza mdomo amepooza na masikio pia. Ninachodai si huruma. Mgonjwa na aulizwe, "Unaweza? Unataka? Tungoje kidogo?" Maneno matatu hayo hayagharimu hata shilingi.

Kupona kwenyewe huenda polepole, na ni vyema wasomaji wajue ili wasikate tamaa. Wengi huanza kuona dalili katika wiki tatu za kwanza, na wengi huwa wamepona kufikia miezi mitatu, ingawa wengine huchukua zaidi. Mimi nilianza kuhisi mtekenyo shavuni katika wiki ya tatu. Wiki ya tano pembe ya mdomo ilijongea kidogo, mama akapiga vigelegele sokoni watu wakadhani ameshinda bahati nasibu. Kila jioni nilikuwa naketi mbele ya kioo nikiinua nyusi na kukunja pua polepole, bila nguvu nyingi, jinsi nilivyoelekezwa hospitalini. Kufikia mwezi wa nne nilikunywa soda kwa chupa bila kumwaga. Mpaka leo nikicheka sana, jicho la kushoto hujifinya kidogo lenyewe, kwa sababu baadhi ya nyuzi za neva zinapoota upya hushika njia isiyo yake. Nimeambiwa jambo hilo si geni. Nimelizoea.

Na msidhani kwamba uso usionyooka ni mwisho wa maisha. Jean Chrétien wa Kanada alipooza upande mmoja wa uso akiwa kijana, na ukabaki hivyo. Alizoea kutania kwamba yeye husema kwa upande mmoja tu wa mdomo, akiwachokoza wanasiasa ndumakuwili. Mwaka wa 1993 alipogombea uwaziri mkuu, chama kilichokuwa kinatawala kilitangaza kwenye televisheni picha za uso wake ili watu wamdharau. Wananchi walikasirika hata tangazo likaondolewa upesi. Kura zilipohesabiwa, chama hicho kilibakiwa na viti 2 tu bungeni, na Chrétien akawa Waziri Mkuu hadi 2003. Sisemi ni tangazo hilo peke yake lililowaangusha, kwani walikuwa na mizigo mingine mingi. Nasema tu kwamba nchi nzima ilijua kuwa kucheka uso wa mtu ni aibu ya mchekaji. Je, shule ya kutwa ya mpakani haiwezi kujua hivyo?

Ninapendekeza mambo manne. Kwanza, mwalimu wa Biolojia au mhudumu wa afya apewe dakika kumi kwenye paredi kila muhula azungumze juu ya dalili zisizongoja: uso kupinda, mkono kulegea, maneno kuvurugika, degedege. Wanafunzi wakijua, nyumba zao zitajua, kwa maana sisi wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni na habari. Pili, wazazi wajue pa kukimbilia: walio Busia wana Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, na walio Malaba wana Kocholia. Kama mtu anataka kwenda kwa mganga au kuombewa, shauri yake, lakini daktari awe wa kwanza, maana mganga hana saa 72. Tatu, mwanafunzi akirudi darasani na uso umepooza, aketishwe mbali na dirisha la vumbi, aruhusiwe kuvaa miwani na kunywa kwa mrija, asilazimishwe kusoma kwa sauti, na wala asinyimwe nafasi akitaka kusoma. Nne, majina ya kupanga yakomeshwe. Atakayekuja na jina jipya, ajue neva yake nayo inapita katika mfereji mwembamba kama yangu.

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Wengi hulitumia neno hilo kuwatisha wanaocheka wenzao. Mimi nalitumia kuwahimiza. Maradhi haya hayachagui tajiri wala maskini, mchapakazi wala mvivu. Yanaweza kumpata yeyote aliyelala salama jana. Siku yakibisha hodi kwako, kwa mdogo wako au kwa mwalimu wako, usiulize ni nani aliyetuma. Uliza yalianza saa ngapi, kisha mshike mkono mwende hospitali.